Mwambao Usio na Magofu

Mnamo Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliokuwa wametoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea Uvira, walivuka maji ya Ziwa Tanganyika kutoka ufuko wa Urundi wakafika mahali palipoitwa Ubwari, wakapaandika kuwa ni kisiwa. Na kwa muda wasomaji wa Ulaya wakakizungumza kisiwa hicho, upana wake na mashamba yake, pasina mtu wa kuwaarifu kwamba Ubwari ni rasi, tena rasi ndefu yenye milima, iliyoshikamana na bara la Kongo upande wa kusini. Anayesimama leo ufukoni Rumonge, Burundi, asubuhi, hewa ikiwa imeoshwa na mvua ya usiku, hana haki ya kuwacheka, maana milima ile ya ng'ambo hujitokeza majini kana kwamba haikuegemea popote, na ghuba iliyo nyuma yake, ambayo ramani zimeipa jina la Burton mwenyewe, haionekani kabisa kutoka upande huu. Wafanyabiashara wa Baraka, mji ulio ndani ya ghuba hiyo, huizunguka rasi kwa boti za injini kuja sokoni Rumonge, na kwao swali la kisiwa au si kisiwa lina maana moja tu, nayo ni mafuta kiasi gani yatakayochomwa kuizunguka.

Nimeanza na kisiwa kisichokuwa kisiwa kwa sababu mwambao huu wa Burundi, unaoanza mlangoni mwa mto Rusizi na kushuka hadi kusini ya Nyanza-Lac, umekuwa na bahati mbaya ya kuandikwa na watu waliokuwa njiani kwenda kutafuta kitu kingine. Wa kwanza walitafuta chemchemi ya Nili, wa pili pembe za ndovu, wa tatu roho za watu, na kila mmoja aliuona ufuko kwa kadiri ulivyomsaidia au kumkwamisha. Hata sisi wa pwani ya bahari, tunapofika huku, huja na macho yaliyokwisha kufundishwa Kilwa na Lamu, tukatafuta msikiti wa matumbawe, mlango wa nakshi, kaburi lenye mnara. Na tusipoviona, hunena kwamba mahali hapa pana mandhari lakini hapana tarehe. Hayo ni maneno ya haraka. Nyumba za hapa zilijengwa kwa udongo, miti na majani, na vitu hivyo havingoji wageni wa karne zijazo. Bali yaliyorithiwa yamo katika kazi za mikono, katika vyombo vya majini, katika chakula na katika lugha, na anayetaka kuyaona hana budi kuamka mapema.

Njia ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, yapata kilomita 75, hufuata ukingo wa ziwa karibu mwendo wote. Uwanda wa Imbo, ambao kaskazini ya Bujumbura ni mpana wa kutosha kulima pamba na mpunga, hapa hubanwa na milima ya Mumirwa hata pengine barabara, nyumba na mgomba mmoja mmoja vikagombea nafasi baina ya genge na maji. Upande wa kushoto mashamba ya mihogo yamening'inia katika miteremko ambayo mgeni angeogopa kuipanda mikono mitupu. Upande wa kulia ni ziwa, lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, ambalo duniani kote ni Baikal peke yake linalolishinda kwa kina. Adhama ya kina hicho haionekani kwa macho, ila kwa rangi: umbali mdogo tu kutoka ukingoni, maji hugeuka kutoka kijani hadi buluu iliyokolea kama wino.

Kabla ya kufika mbali utapita Mugere, mahali penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya Novemba 25, 1871. Wapo watakaokuambia kwamba hapa ndipo Stanley, mwandishi wa magazeti, alipomwamkia Daktari Livingstone kwa lile neno lake lililosifika. Sivyo, maamkizi yale yalikuwa Ujiji, siku kadhaa kabla. Hapa walilala siku mbili, wakiwa katika safari ya kwenda kuona kwa macho yao kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwani ukitoka, ziwa hili lingeweza kuwa mama wa Nili. Waliuona unaingia, wakarudi. Nalitazama jiwe hilo kwa heshima linayostahili, wala silichukii. Lakini ni ajabu kwamba alama mashuhuri kuliko zote za mwambao huu inawakumbuka wageni wa siku mbili, na haina hata herufi moja ya Wajiji waliowavusha kwa makasia, ambao jibu la Rusizi walikuwa nalo tangu utoto wao.

Na kudra ina mzaha wake. Nili waliyoitafuta ilikuwa nyuma ya migongo yao, juu ya milima hiyohiyo. Ukitoka Rumonge ukapanda kwenda Bururi na kuendelea hadi Rutovu, utakuta piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambua kuwa ya kusini kuliko zote za mto huo. Mvua inyeshayo upande wa mashariki wa tuta la milima hiyo hushuka Ruvubu na Kagera, ikapita Viktoria, ikaenda mpaka Misri. Inyeshayo upande wa magharibi huingia Tanganyika, ikatoka kwa mto Lukuga, ikafuata Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Mkulima mwenye shamba kileleni aweza kuzigawia maji bahari mbili kwa jembe moja.

Rumonge yenyewe ni mji wa chini, wa moto, wenye vumbi jekundu na harufu tatu zisizoachana: samaki, mawese na moshi wa kuni. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika hapa mwaka 1879 wakaweka kituo chao cha kwanza katika nchi ya Burundi, na mwezi Mei 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, wakauawa katika ugomvi na majirani; wenzao wakafunga mizigo. Katika miaka hiyohiyo nguvu ya Ujiji ilikuwa mikononi mwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, mtu aliyezaliwa upande wa Lindi, na jahazi zake zilitembea ufuko wote huu zikitafuta pembe na watumwa. Alijaribu kupanda milimani akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mfalme ambaye hakuruhusu mgeni yeyote aliyetoka majini kupanda juu, mpaka Wajerumani walipomlazimisha kwa bunduki kukubali mapatano ya Kiganda mwaka 1903. Ndiyo maana athari za pwani zimebaki chini, katika Imbo, na ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika katika urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2014, ni za huko juu. Mwenye kuzitaka na aende Gishora karibu na Gitega, asiwasumbue wavuvi.

Msafara wa Rumaliza ulileta madhila, na haifai kuyafunika kwa sababu yalikuja pamoja na kanzu na Kurani. Lakini wangwana waliobaki, wapagazi, mafundi, wavuvi na wake zao waliotoka Umanyema, Ujiji na milima iliyo karibu, walikaa wakazaa, wakawa watu wa hapa. Wajerumani wakawatumia kwa kuwa serikali yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Wabelgiji waliowafuata mwaka 1916 wakawatazama kwa jicho la shaka, kwani hawakuwa Wakristo wala hawakuwa watu wa Mwami. Leo adhana ya alfajiri Rumonge hujibizana na kengele ya kanisa, Maulidi husomwa kwa sauti ambazo mtu wa Tanga hatazikuta ngeni, na sokoni muuzaji hufungua bei kwa Kiswahili, akaapa kwa Kirundi, na akipunguza hupunguza kwa Kifaransa, labda ili isimuume sana. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 1, 2007, wako waliosema lugha ya Kiswahili imeingia nchini. Katika mitaa ya Rumonge khabari hiyo ilikuwa imechelewa miaka mia na ushei.

Sasa tuingie majini, kwani huko ndiko kuliko na makumbusho ya mji huu. Samaki anayewalisha watu wa hapa ni ndagala, ambaye Kigoma humwita dagaa, mdogo wa kulingana na kidole, mweupe kama fedha. Mchana hushuka chini kwenye giza. Usiku hupanda akifuata vijidudu vinavyoelea, na nyuma yake hupanda mukeke, ambaye humla. Wavuvi wa ziwa hili wamejenga elimu yao yote juu ya safari hiyo ya kila usiku. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, maana nuru imetapakaa kila mahali na samaki hana sababu ya kukusanyika. Mwezi ukifa, mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na ile mikubwa iitwayo apolo, hutoka wakati wa magharibi na kupanga mistari ya taa maili kadhaa kutoka nchi kavu, hata anayekuja kwa njia ya mlimani hudhani kuna mji wa pili uliojengwa majini. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, zenye mvumo usiokoma; sasa nyingi ni taa ndogo za betri, zisizo na sauti wala moshi. Wavu mpana hushushwa chini ya taa, wakangoja, wakazungumza kidogo, kisha nuru hupunguzwa polepole ili kundi lijibane katikati, na kwa neno la mkuu wa chombo wote huvuta kamba kwa pamoja. Anayechelewa kwa pumzi mbili humwaga riziki ya wenzake.

Samaki hao wote ni wa tabaka la juu. Chini ya mita mia moja au mia mbili maji ya ziwa hayana hewa safi, wala hakiishi humo kiumbe kinachopumua kama samaki. Lakini humo ndimo iliko rutuba iliyozama kwa maelfu ya miaka. Kusi, upepo wa kiangazi uvumao kuanzia Mei hadi Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kwa kuyasukuma huyanyanyua ya chini, upande wa kusini hasa, na rutuba ikapanda pamoja nayo. Wataalamu wameonyesha kwamba joto la karne iliyopita limeyafanya maji ya juu kuwa mepesi zaidi na magumu kuchanganyika na yale ya chini. Wazee wa Rumonge husema jambo hilo kwa njia yao: kusi ya siku hizi huvuma bila kulisha.

Kukipambazuka vyombo hurudi, na ufukoni kazi hubadili mikono. Wanaume huuza kwa beseni na kwenda kulala. Wanawake hununua, hubeba, huosha, huanika. Zamani ndagala walimwagwa juu ya mchanga mtupu, wakageuzwa kwa fagio la matawi, na mvua ikija ghafla nusu ya mali ikaoza. Siku hizi wengi hutumia chanja za waya zilizoinuliwa kiunoni kwa miti, ambazo upepo hupita juu na chini. Nilimwona mama mmoja, mtu wa makamo, akipitisha viganja viwili juu ya chanja yake kama anayesawazisha shuka, akiwatenga ndagala wasilaliane, akimtoa kila aliyepasuka tumbo na kumtupia kuku. Hakuna aliyemsimamia, na chanja ilikuwa na urefu wa hatua nyingi. Nikamwuliza, kwa adabu ya kumwita mama, kwa nini asianike mchangani, kusikolipiwa kodi ya nafasi. "Mwanangu," akanijibu bila kuinua macho, "mnunuzi hula mchanga mara moja tu." Ndagala wake huenda Gitega na Ngozi, hata kuvuka mipaka, na milimani, ambako nyama ni ya sikukuu, wao ndio kitoweo cha wiki.

Kazi ya pili ya mwambao huu ni mchikichi. Mti huo umekuwa hapa tangu kabla ya wakoloni, na katika khabari za Ujiji ya karne ya kumi na tisa mawese yametajwa miongoni mwa bidhaa za soko. Lakini misitu ya michikichi iliyopangwa mistari, unayoiona kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ni kazi ya serikali, iliyoipanda kwa mpango wa kuifanya nchi ijitosheleze kwa mafuta. Mkungu hukatwa ukiwa na rangi ya moto, huachwa siku chache ukalegea, kisha punje hupukuchuliwa na kuchemshwa ndani ya pipa. Hapo huja shinikizo la chuma, lenye mkono mrefu wa mti, ambao vijana wawili au watatu huusukuma wakizunguka duara ileile siku nzima, nyayo zao zimechimba mfereji. Mafuta hutoka mazito, mekundu, yenye povu, hutiwa katika sufuria na kuchemshwa tena mpaka maji yaondoke. Hakitupwi kitu: makapi huwa kuni za pipa la pili, kokwa hupasuliwa na wanawake kwa mafuta yake meupe, na yaliyo duni huchanganywa na magadi yakawa sabuni. Mwenye kula mukeke wa kuchoma pamoja na sombe, yaani kisamvu, lililopikwa kwa mawese mabichi ya siku ileile, na ugali wa muhogo, atakuwa ameonja jiografia yote ya Imbo katika sahani moja.

Lakini mistari hiyo ya michikichi ina khabari nyingine, ambayo mwongozi wa watalii aghalabu huiruka. Aprili 29, 1972, uasi ulizuka hapa Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa, Watutsi hasa. Serikali ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi, na idadi yao hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Waliosalimika wa mwambao huu walikimbilia Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mashamba waliyoyaacha yakachukuliwa, mengine na majirani, mengine na miradi ya michikichi. Walipoanza kurudi kwa wingi, miaka thelathini na zaidi baadaye, mzee aliyemwonyesha mjukuu wake kiwanja cha baba yake alikuta mti wa mtu mwingine, umezaa, una hati. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilisikiliza mashauri kwa maelfu, ikigawanya huku na kurudisha kule, na si kila aliyetoka barazani alitoka ameridhika. Wengine wasio na pa kurudi walijengewa vijiji vya amani. Watoto wao waliozaliwa ukimbizini walizungumza Kiswahili cha Tanzania, wakachekwa shuleni milimani kwa Kirundi chao kibovu; ni katika ufuko huu tu, mbele ya maduka ya Rumonge, ambapo ulimi wao haukuwafanya wageni. Nasema wazi kwamba hilo nalihesabu kuwa tunu ya mji huu kuliko jiwe la Mugere.

Kwa mpenda miti na wanyama, msitu wa Kigwena, kusini ya mji, ni kipande kilichosalia cha msitu wa nyanda za chini uliofunika sehemu hizi. Una kivuli kizito, nyani na tumbili, na mashamba yameuzunguka pande zote. Juu kidogo, katika hifadhi ya Vyanda, misitu ya miombo inayofanana na ile ya Tanzania magharibi bado ina sokwe, ingawa wao huchagua siku ya kuonekana na siku ya kutoonekana. Mugara kuna chemchemi za maji moto, ambazo watu huzioga kwa maumivu ya viungo. Hifadhi hizi ni ndogo, na moto wa wakulima na panga la mchoma makaa huzila pembeni kila kiangazi.

Ziwa nalo lina desturi ya kula. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda hata nyumba za ufukoni Rumonge, kama zile za Gatumba karibu na Bujumbura, zikaingia majini, watu wakahamia makambini, na chanja za ndagala zikasogezwa tena na tena kuelekea barabarani. Si mara ya kwanza. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 alikuta Lukuga, mlango wake wa pekee, umezibwa na matete na udongo, na maji yalikuwa yakipanda. Muda mfupi baadaye yakauvunja mlango huo, na ziwa likashuka zaidi ya mita kumi. Maana yake ni kwamba ufuko waliolala akina Burton sio huu tunaoukanyaga, na sehemu ya uwanda unaolimwa leo ilikuwa chini ya maji katika zama zao. Mwenye kuhesabu mipaka ya kiwanja chake kwa ukingo wa Tanganyika amechagua shahidi asiyetulia.

Kwa msafiri anayeuliza majira, jibu langu huenda likamshangaza. Vitabu humpendekezea kiangazi kwa ajili ya jua, lakini nchi nne zenye ziwa hili, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zimekubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Basi anayekuja Julai ataliona ziwa safi na milima ya Ubwari iliyofifia kwa ukungu wa moto wa mashamba, lakini usiku hatauona mji wa taa. Anayetaka vyote viwili na aje mwishoni mwa Agosti, mwezi unapokuwa umekufa. Vyombo vitakuwa vimetoka kutengenezwa, mbao mpya zikionekana wazi baina ya zile kuukuu, na bei ya ndagala wa usiku wa kwanza itakuwa ghali kupita kiasi, wala hakuna mwanamke wa Rumonge atakayekubali kuipunguza.